Picha moja, faili tatu

Chukua faili inayoitwa IMG_2041.HEIC, ibadilishe jina iwe IMG_2041.jpg, kisha uipakie kwenye fomu inayodai JPEG. Fomu nyingine itaikataa palepale. Nyingine itaipokea kimya kimya, halafu atakayeifungua upande wa pili akutane na kisanduku kitupu. Zile herufi baada ya nukta ni kibandiko tu, na programu makini haziangalii kibandiko. Zinasoma baiti za kwanza za faili yenyewe. JPEG huanza na FF D8 FF. PNG huanza na 89, kisha herufi P, N na G. WebP huanza na RIFF, zinafuata baiti nne za ukubwa, ndipo linakuja neno WEBP. Ukitumiwa faili inayogoma kufunguka, amri ya file kwenye Linux au Mac itakutajia fomati yake halisi hata kama jina linadanganya.

Kubadilisha fomati kwelikweli ni kuifungua picha na kuiandika upya, na kuandika upya mara nyingi kuna gharama. Kwa hiyo ukiuliza fomati ipi ni bora, utaulizwa kwanza: faili hiyo inaenda kufanya kazi gani? Picha yoyote unayoijali inastahili faili tatu: ya asili ambayo haiguswi kamwe, ya kufanyia kazi, na ya kutuma. Watu wengi wana moja, wanaihariri, wanaituma, wanaipakua tena kutoka walikoituma, wanaihariri upya, kisha wanailaumu kamera.

Zile MB 60 zinakwenda wapi

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kila pikseli inahitaji namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kila namba ikichukua baiti moja, picha nzima ni baiti milioni 72, yaani MB 72. Picha hiyohiyo ikiwa JPEG ya ubora wa juu mara nyingi huwa MB 8 hadi 12. Ni vizuri kujua kilichotupwa, kwa sababu ukikijua utajua pia ni picha zipi zinaweza kuvumilia.

JPEG, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 1992, hutenganisha kwanza mwangaza na rangi. Jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza na zembe kwa rangi, basi mara nyingi pikseli nne zilizokaa pamoja hupewa rangi moja ya kugawana, kila moja ikibaki na mwangaza wake. Mpangilio huo huandikwa 4:2:0. Baada ya hapo picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Namba 64 za kila kipande hugeuzwa kuwa mawimbi 64: la kwanza ni wastani wa kipande kizima, yanayofuata ni mabadiliko ya polepole, na ya mwisho ni vitu vidogo kabisa, kama nyuzi za kitambaa au ncha za nywele. Hadi hapo kipande kinaweza kurudishwa karibu kama kilivyokuwa. Hasara kubwa hutokea hatua inayofuata, ambapo kila wimbi hugawanywa kwa namba fulani na jibu hukadiriwa kuwa namba nzima. Mawimbi ya vitu vidogo hugawanywa kwa namba kubwa, mengi yanageuka sifuri, na mfululizo wa sifuri huandikwa kwa nafasi ndogo mno.

Sasa kuza picha hadi uone kipande kimoja ambacho tawi jembamba limepita mbele ya anga la buluu. Ukingo mkali kati ya tawi na anga unahitaji yale mawimbi madogo ili usimame wima. Yakishafutwa, ukingo huacha viwimbi pembeni, na ndivyo vidoadoa unavyoviona vikilizunguka tawi kama mbu. Kwenye anga tupu tatizo ni jingine. Tofauti ndogo ndani ya kipande hukadiriwa na kubaki wastani mtupu, kipande cha jirani nacho kinapata wastani wake, na anga lililokuwa laini linakuwa sakafu ya vigae. Ndiyo maana ukitaka kupima JPEG, usiangalie uso wa mtu. Angalia anga, kuta za rangi moja, nywele zilizopita mbele ya mwanga, na maandishi, huku picha ikiwa asilimia 100 kwenye skrini.

Namba ya ubora unayoulizwa wakati wa kuhifadhi haimaanishi asilimia ya chochote. 80 ya programu moja si 80 ya nyingine, na Photoshop ina hata kipimo cha 0 hadi 12. Hata 100 bado ina hasara. Kwa vitendo, 90 hadi 92 inatosha kumkabidhi mteja au kupeleka kuchapwa, na 75 hadi 85 inatosha kwa ukurasa wa wavuti. Ukipita 95 faili inavimba na macho hayapati cha ziada. Kuna kitu kimoja ambacho namba hiyo peke yake haikuambii: maandishi mekundu au ukingo wa nguo nyekundu juu ya giza ukionekana umelowa, kosa ni lile la pikseli nne kugawana rangi. GIMP, ukifungua chaguo za ziada wakati wa kutoa JPEG, hukuruhusu kuchagua 4:4:4, yaani kila pikseli na rangi yake, na wekundu unarudi mahali pake.

Kufungua hakuharibu, kuhifadhi tena ndiko kunakoharibu

Kuna imani kwamba JPEG huchakaa kila inapofunguliwa. Haichakai. Ifungue mara elfu, inakili, ihamishe kutoka diski hadi diski, baiti ni zilezile. Hasara huja unapoihariri na kuihifadhi upya, kwa kuwa hapo vipande vyote vinakokotolewa tena. Hata hivyo hasara hazilingani. Ukirekebisha kona moja na kuhifadhi kwa programu ileile na ubora uleule, sehemu ambazo hukuzigusa hazipotezi sana, maana makadirio yake yanaangukia karibu palepale. Lakini kata pikseli 3 upande wa kushoto uone. Gridi yote ya 8 kwa 8 imesogea, mipaka ya zamani ya vipande sasa iko katikati ya vipande vipya, na picha nzima inakadiriwa upya juu ya makosa ya mwanzo. Kukata, kupunguza ukubwa na kunyoosha mstari wa upeo vifanye kwa pamoja kutoka kwenye faili ya asili, usivifanye siku tatu tofauti juu ya nakala ya nakala.

Kuzungusha kuna njia yake. Programu ya jpegtran huzungusha JPEG kwa kupanga upya vipande bila kuvifungua kuwa pikseli, hivyo hakuna kinachopotea, mradi pande za picha zigawanyike kwa 8, au kwa 16 ikiwa rangi zimegawanwa. 6000 na 4000 zote zinagawanyika kwa 16, hazina shida. Na usishangae picha ya simu ikilala ubavu kwenye programu ya zamani: simu nyingi hazizungushi pikseli hata kidogo, zinaandika tu namba kati ya 1 na 8 kwenye taarifa za Exif, yale maelezo ambayo kamera huandika ndani ya faili, kusema juu ni wapi. Programu isiyoisoma namba hiyo inaonyesha picha ilivyotoka kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Mbaya zaidi ni ile inayozungusha pikseli na kusahau kuifuta namba, kwani programu itakayofuata itazungusha mara ya pili.

RAW, na kwa nini vivuli vinavunjika

CR3 ya Canon, NEF ya Nikon, ARW ya Sony, RAF ya Fujifilm, na DNG iliyotolewa na Adobe mwaka 2004: zote zinaitwa RAW, na hakuna kati yake iliyo picha kamili kwa maana ya kawaida. Ni hesabu za sensa. Kwenye sensa nyingi kila kitundu huona rangi moja tu, nusu vikiona kijani, robo nyekundu na robo buluu, na programu ndiyo inayokisia rangi mbili zinazokosekana kutoka kwa majirani. Vitundu milioni 24 kwa biti 14 ni MB 42 kabla ya kubanwa.

Biti 14 zinatoa ngazi 16,384 za mwangaza. JPEG ina 256 kwa kila rangi. Namba hizo hutajwa sana, lakini mgawanyo wake hauelezwi. Sensa huhesabu mwanga moja kwa moja, mwanga ukiongezeka maradufu na namba inaongezeka maradufu. Kila mwanga unapoongezeka maradufu huitwa stopu moja, kwa hiyo stopu ya juu kabisa peke yake inachukua ngazi 8,192, inayofuata 4,096, kisha 2,048, 1,024, 512, na ya sita kutoka juu inabaki na 256. Kadiri unavyoshuka gizani ndivyo ngazi zinavyoadimika, hata kwenye RAW. JPEG inazipanga ngazi zake kwa mkunjo unaozipendelea kidogo sehemu za gizani, ila jumla yake ni 256 kwa picha nzima. Ukiivuta JPEG yenye uso uliofichwa na kivuli stopu mbili juu, ngazi chache zilizokuwepo zinatawanywa, mapengo yanabaki katikati, na shavu linaota mistari. RAW nayo ina kikomo, lakini utakuwa umekutana na punje za kelele kabla hujakutana na mistari.

Mizani ya weupe ni hoja ya pili. Kwenye RAW ni maelezo tu yaliyoambatishwa, unayabadilisha utakavyo. Kwenye JPEG rangi zimeshazidishwa na kukatwa. Wekundu uliogota kwenye 255 chini ya taa ya manjano hauna tena undani wa kurudisha, hata uvute kitelezi hadi mwisho.

Sioni haja ya RAW kwa kila kitu. Mpiga picha wa mechi anayerusha fremu mia kadhaa na kutakiwa kutuma kabla ya mapumziko anafanya vyema na JPEG, mradi mwanga wake umepimwa sawasawa. Kupiga RAW na JPEG pamoja kunasaidia ukiwa na kadi kubwa, ila kumbukumbu ya ndani ya kamera hujaa mapema na kasi ya mfululizo inashuka. Ukumbuke pia kwamba picha na histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwangaza) unayoiona nyuma ya kamera vinatokana na JPEG ndogo iliyotengenezwa kwa mipangilio yako ya rangi. Inaweza kupiga kelele kwamba mawingu yameungua ilhali RAW bado ina nafasi.

Halafu kuna mtego wa faili ndogo. Programu nyingi za kusafisha RAW haziigusi RAW yenyewe. Zinaandika marekebisho yako pembeni kwenye faili yenye jina lilelile na mwisho wa .xmp, au kwenye katalogi yake. Ukihamisha RAW na kuiacha ile ndogo nyuma, saa sita za kazi zimebaki kwenye folda uliyokaribia kuifuta.

Faili ya kufanyia kazi

Hapa chagua TIFF ya biti 16, au fomati ya programu yako yenyewe, PSD kwa Photoshop na XCF kwa GIMP, ukitaka kutunza tabaka. Pikseli milioni 24 kwa baiti 6 kila moja ni MB 144, na hiyo ni tabaka moja tu. TIFF ya kawaida haiwezi kuvuka GB 4, jambo linaloonekana la mbali mpaka siku ya kuunganisha picha kumi na mbili za mandhari pana. Ukiulizwa namna ya kubana, chagua ZIP. LZW ni salama kwa biti 8, lakini kwa biti 16 mara nyingi haibani kitu na wakati mwingine faili inatoka kubwa kuliko isiyobanwa, kwa sababu zile biti za chini za kelele hazijirudii na LZW inaishi kwa marudio. Wachapaji wengi hutaka TIFF ya biti 8 isiyo na tabaka. Wape nakala, na yako ya biti 16 ibaki ilivyo.

PNG na picha zisizo picha

PNG ilizaliwa mwaka 1996 baada ya mgogoro wa hataza iliyoifunika njia ya kubana ya GIF. Haipotezi pikseli hata moja, na inajua kuhifadhi uwazi, yaani mahali pasipo na kitu. Kwa skrinishoti, nembo, grafu na ramani za mistari haina mpinzani wa maana: maeneo makubwa ya rangi moja yanabanwa hadi karibu si kitu, na herufi nyeusi juu ya nyeupe inabaki nyeusi juu ya nyeupe. Herufi hiyohiyo ukiitia kwenye JPEG inavaa ukungu wa kijivu. Kwa picha ya kamera, PNG ni uzito wa bure, mara kadhaa ya JPEG nzuri.

Na kuigeuza JPEG mbovu kuwa PNG hakuiponyi. PNG itayatunza yale madoa kwa uaminifu wote. Kinyume chake kina ajali yake: nembo yenye uwazi ikihifadhiwa JPEG inapata mgongo mweupe au mweusi, kwa kuwa JPEG haina dhana ya uwazi. GIF ya mwaka 1987 ina rangi 256 kwa fremu. Iache ifanye vikatuni.

HEIC, WebP na wadogo zao

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone hupiga HEIC, ambayo kwa ubora unaofanana huchukua takriban nusu ya nafasi ya JPEG na inaweza kubeba biti 10. Ni fomati nzuri ya asili. Shida yake ni kupokelewa: fomu nyingi za mtandaoni na kompyuta kadhaa za Windows hazijui la kufanya nayo mpaka ziongezewe programu ya kuisoma. Ukichoka na usumbufu huo, ingia kwenye Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible, na simu itapiga JPEG kuanzia hapo; za zamani hazibadiliki. Mimi ningeiacha HEIC na kutoa JPEG ya 90 pale tu ninapoombwa.

WebP ya Google, iliyotoka 2010, na AVIF ya 2019 ni za kutuma kwenye wavuti, si za kuhifadhia. WebP ya hasara hugawana rangi kwa 4:2:0 bila hiari, kwa hiyo wekundu ule uliolowa haitauponya, na upande wa picha hauwezi kuvuka pikseli 16,383. AVIF inabana zaidi na inabeba biti 10 au 12, lakini inachukua muda kuandikwa, na ikibanwa kupita kiasi haitoi vigae kama JPEG, inapaka. Ngozi inakuwa plastiki na majani yanakuwa rangi ya maji. Kosa hilo ni la hila kuliko vigae kwa sababu picha inaonekana "safi". Kwenye ukurasa tumia elementi ya HTML iitwayo picture, uweke AVIF kwanza, WebP ya pili, na JPEG ndani ya img kwa kivinjari kisichojua zote mbili.

JPEG XL ndiyo ninayoisikitikia. Inaweza kuipokea JPEG uliyo nayo, kuipunguza kwa takriban asilimia 20, na kukurudishia faili ileile baiti kwa baiti. Google iliiondoa kwenye Chrome mwanzoni mwa 2023, Safari ya Apple ikaipokea mwaka huohuo. Kwa maktaba ya nyumbani sawa, ijaribu. Usimtumie mtu.

Kabla ya kubonyeza tuma

Faili ya kutuma ipunguze ukubwa kwanza, ndipo uibane. Pikseli 2048 kwa upande mrefu na ubora wa 80 zinatosha kwa skrini nyingi, na zinapita vizuri kuliko pikseli 6000 zilizobanwa hadi 40. Igeuze kuwa sRGB, mpangilio wa rangi wa skrini za kawaida, na upachike wasifu wa rangi ndani, yaani maelezo ya namna ya kuzisoma rangi hizo. Picha ya Adobe RGB, mpangilio wenye rangi pana zaidi, iliyopoteza wasifu huonekana imepauka kwenye skrini ya kawaida, na mtu ataongeza rangi kuifidia, hapo umepata ngozi ya chungwa. WhatsApp huibana upya picha iliyotumwa kama picha. Itume kama hati, itafika ilivyo.

Fomu ikidai dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), usihangaike. Namba hiyo ni maandishi ndani ya faili, haiongezi wala kupunguza pikseli. Kinachohesabika ni pikseli zenyewe: chapa ya sentimita 20 kwa 30 kwa pikseli 300 kila inchi inahitaji 2362 kwa 3543, na kamera yetu ya 6000 kwa 4000 inazo na za ziada. Badilisha namba, lakini ondoa alama kwenye chaguo la kukokotoa upya ukubwa, la sivyo programu itabuni pikseli ambazo hazikuwepo.

La mwisho ni mahali ulipopigia. Simu ikiruhusiwa, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili, na taarifa hizo husafiri na JPEG, HEIC na RAW sawia. Amri ya exiftool -gps:all= picha.jpg inazifuta bila kugusa pikseli. Ila exiftool ni mwangalifu: huacha kando faili ya mwanzo, ikiiita picha.jpg_original, yenye anwani yako kamili ndani. Ukifunga folda nzima kuwa ZIP ili umtumie mtu, iondoe hiyo kwanza.